Shaba, Bei na Pato la Mataifa: Maelezo juu ya Biashara ya Kimataifa na Tofauti za Utajiri kati ya Nchi

1. Utangulizi

Tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1997, jimbo la Katanga liliitwa Shaba. Jina hilo la Kiswahili lilikuwa jina la bidhaa ambayo jimbo liliichimba na kuiuza nje, na ambayo ndiyo iliyolisha hazina ya Taifa. Jina lilibadilika, lakini jambo lenyewe halikubadilika. Mwaka 2023 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba, pamoja na zaidi ya thuluthi mbili za kobalti yote iliyochimbwa duniani. Mwaka huohuo, kwa hesabu za Benki ya Dunia, pato la wastani la kila mkaaji wa Kongo halikufika dola 700 za Kimarekani. Katika Ubelgiji, nchi ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyosafisha shaba ya Katanga, pato hilo lilipita dola 50,000.

Kutokana na tarakimu hizo huzuka swali ambalo huulizwa katika madarasa ya chuo kikuu na katika mitaa ya Kenya na Katuba vilevile: inawezekanaje nchi inayouza kitu kinachotakiwa na dunia nzima iwe maskini kuliko nchi zinazokinunua? Wengine hujibu upesi kwamba biashara ni wizi. Wengine hujibu kwamba biashara ni baraka, na kosa ni la watawala peke yao. Majibu yote mawili yana sehemu ya ukweli, na yote mawili hayatoshi.

Makala haya yanakusudia kufafanua mambo manne: kwanza, maana ya maneno yanayotumiwa katika mjadala huu, pili, nadharia kuu zinazoeleza uhusiano wa biashara na utajiri wa mataifa, tatu, historia ya shaba ya Katanga kama mfano, na nne, funzo linalopatikana katika nchi nyingine na katika soko la kobalti la siku hizi. Kwa kuwa jarida hili ni la wachunguzi wa Kiswahili, mwishoni litaguswa pia suala la lugha, maana mtu asiyekuwa na maneno ya kuelezea bei hawezi kuijadili.

2. Maneno ya msingi

Kiswahili kina maneno mawili yaliyotoka katika Kiarabu ambayo hufaa sana katika somo hili, nayo ni bei na thamani. Bei ni kile ambacho mnunuzi anakitoa siku fulani, mahali fulani. Thamani ni ubora au manufaa ya kitu chenyewe. Maji yana thamani kubwa na bei ndogo. Almasi ina bei kubwa, ingawa mtu aweza kuishi bila kuiona. Wasemaji wa Kiswahili hutofautisha mambo hayo mawili kila siku sokoni, wanaposema kwamba kitu fulani kimeuzwa kwa bei isiyolingana na thamani yake. Mjadala wote wa biashara ya kimataifa umo katika nafasi hiyo iliyo kati ya maneno hayo mawili.

Neno la tatu ni pato. Pato la Taifa ni jumla ya thamani ya vitu na huduma zinazozalishwa katika nchi kwa mwaka mmoja. Likigawanywa kwa idadi ya wakaaji, hupatikana pato la wastani la kila mtu. Hapa inafaa kuonya juu ya mambo mawili. Jambo la kwanza, wastani huficha tofauti zilizo ndani ya nchi: mchimbaji wa Kolwezi na mwenye kampuni huhesabiwa pamoja. Jambo la pili, dola moja hainunui kiasi kilekile cha chakula mjini Lubumbashi na mjini Bruxelles. Kwa sababu hiyo wataalamu husahihisha hesabu zao kwa kufuata uwezo wa kununua. Hata baada ya masahihisho hayo pengo hupungua tu, halifutiki.

Neno la nne ni gumu zaidi. Ni kile ambacho Wafaransa huita termes de l’échange. Anayetafsiri neno kwa neno husema “masharti ya mabadilishano”. Tafsiri hiyo hupoteza wasomaji, kwa sababu sharti katika Kiswahili ni jambo lililowekwa kwa mapatano, hali hapa hakuna mkataba wowote. Kinachotajwa ni uwiano: bidhaa ambazo nchi inauza zinanunua kiasi gani cha bidhaa ambazo nchi inaagiza? Katika makala haya litatumika neno “uwiano wa mabadilishano”. Mfano mdogo wa kubuni utaonyesha maana yake. Tuseme kwamba mwaka wa kwanza tani 10 za shaba zinanunua lori moja, na baada ya miaka kumi lori lilelile linahitaji tani 15. Wachimbaji wamefanya kazi zaidi kwa nusu, ardhi imetoboka zaidi kwa nusu, lakini lori lililopatikana ni lile moja tu. Kila tani imepoteza thuluthi moja ya uwezo wake wa kununua. Nchi imeongeza uzalishaji bila kuongeza utajiri.

3. Ricardo na faida ya kila upande

Nadharia iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Mwingereza David Ricardo, aliyoitoa katika kitabu chake cha mwaka 1817. Ricardo alichukua mfano wa nchi mbili, Uingereza na Ureno, na wa bidhaa mbili, nguo na divai. Katika mfano wake, Ureno yahitaji kazi ya watu 80 kwa mwaka ili ipate kiasi fulani cha divai, na ya watu 90 ili ipate kiasi fulani cha nguo. Uingereza yahitaji watu 120 kwa divai hiyo, na watu 100 kwa nguo hizo. Ureno basi inaishinda Uingereza katika kazi zote mbili. Hata hivyo, Ricardo alionyesha kwamba yafaa Ureno ishughulikie divai, ambako ushindi wake ni mkubwa zaidi, na Uingereza ishughulikie nguo, ambako hasara yake ni ndogo zaidi. Wakibadilishana, kila upande hupata vitu vingi kuliko kama ungejitengenezea kila kitu peke yake.

Hesabu hiyo ni sahihi, wala hakuna aliyeweza kuivunja. Lakini msomaji mwangalifu atatambua mambo mawili ambayo hesabu haiyasemi. Haisemi jinsi faida itakavyogawanywa: pande zote zaweza kupata faida, mmoja kipande kikubwa na mwingine makombo. Tena haisemi litakalotokea kesho. Kazi ya kutengeneza nguo ilileta mashine, mashine zikaleta mafundi, mafundi wakaleta viwanda vingine. Kazi ya kukamua zabibu haikuzaa mambo hayo kwa kadiri ileile. Historia yenyewe yatoa ushahidi. Tangu mapatano ya mwaka 1703, yanayojulikana kwa jina la balozi Methuen, Ureno ilikuwa imezifungulia nguo za Uingereza mlango, nayo divai ya Ureno ikatozwa ushuru mdogo kuliko ile ya Ufaransa. Karne mbili baadaye, Uingereza ilikuwa nchi ya viwanda na Ureno ilikuwa mojawapo ya nchi maskini za Ulaya Magharibi. Mapatano hayo hayakuwa sababu ya pekee, lakini mfano wa Ricardo haukutoka katika nchi mbili zilizo sawa.

4. Waliopinga: Prebisch, Singer na waliowafuata

Upinzani mkubwa ulitoka katika Amerika ya Kusini. Raúl Prebisch, Muargentina aliyeongoza Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Amerika ya Latini huko Santiago, alitoa maandiko yake mwaka 1949 na 1950. Wakati uleule Hans Singer, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi katika Umoja wa Mataifa, alifikia uamuzi unaofanana na wake. Wote wawili walisema kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 bei za mali ghafi zilikuwa zikishuka polepole zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani.

Sababu walizozitoa ni mbili hasa. Ya kwanza yahusu mahitaji. Mtu anapotajirika haongezi kahawa au sukari kwa kadiri ya utajiri wake. Tumbo lina mpaka. Huongeza vyombo, magari na huduma. Basi dunia inapotajirika, mauzo ya viwanda hupanuka upesi kuliko mauzo ya mali ghafi. Sababu ya pili yahusu kazi. Katika nchi za viwanda, mbinu mpya inapoongeza uzalishaji, vyama vya wafanyakazi hudai mishahara na makampuni hulinda faida, hivyo matunda hubaki nyumbani. Katika nchi zinazouza mali ghafi, watu wanaotafuta kazi ni wengi na wauzaji wanashindana wao kwa wao. Mbinu mpya inapoongeza uzalishaji, bei hushuka, na matunda huenda kwa mnunuzi.

Prebisch alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa Mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya Biashara na Maendeleo, uliofunguliwa Geneva mwaka 1964. Baada yake walikuja wengine waliosema kwa ukali zaidi. Arghiri Emmanuel, Mgiriki aliyewahi kuishi katika Kongo ya Wabelgiji, alitoa mwaka 1969 kitabu juu ya mabadilishano yasiyo sawa. Kwake yeye kiini cha jambo ni mshahara: mahali ambapo saa ya kazi inalipwa kidogo sana, bidhaa huuzwa kwa bei ndogo, na mnunuzi wa mbali hupokea kazi nyingi akilipa kwa kazi kidogo. Mwaka 1972 Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Dar es Salaam, alitoa kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyodumaza Afrika. Humo alisisitiza kwamba biashara hiyo haikuanza kwa hiari bali kwa nguvu.

Je, takwimu zinawaunga mkono? Kwa sehemu. Uchunguzi wa Grilli na Yang, uliotolewa mwaka 1988 na kuhusu bei za tangu mwaka 1900, uliona upungufu wa karibu nusu ya asilimia 1 kwa mwaka. Ni upungufu mdogo kwa mwaka mmoja, lakini ni mkubwa kwa karne moja. Hata hivyo mwenendo si mstari ulionyooka. Kati ya mwaka 2003 na 2011, China ilipojenga miji na viwanda vyake, bei za madini zilipanda sana. Kinachoonekana wazi kuliko mteremko ni mtikisiko: bei za mali ghafi hupanda na kushuka kwa ghafula, na nchi yenye bidhaa moja haina mahali pa kushikilia.

5. Pengo limekuwa kubwa kiasi gani?

Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya mwaka 1999, iliyotolewa na Umoja wa Mataifa, ilikadiria kwamba mwaka 1820 pato la nchi tajiri kabisa lilikuwa mara 3 ya pato la nchi maskini kabisa. Mwaka 1913 lilikuwa mara 11, mwaka 1950 mara 35, mwaka 1973 mara 44, na mwaka 1992 mara 72. Hesabu za zamani hizo ni za kukadiria, lakini mwelekeo wake hauna ubishi: pengo lililopo kati ya mataifa halikuumbwa pamoja na dunia. Ni tunda la karne mbili.

Jambo moja limebadilika tangu hapo. Ikiwa kila nchi itapimwa kwa idadi ya watu wake, tofauti kati ya mataifa zimepungua tangu miaka ya 1990, hasa kwa sababu China na India, zenye watu wengi, zimekua upesi. Nchi hizo zilikua pamoja na biashara, si nje yake. Lakini sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Sahara haikuingia katika mwendo huo. Kwa hiyo swali halipaswi kuwa tu “biashara au hapana?”. Linapaswa kuwa: biashara ya kitu gani, kwa mkono wa nani, na kwa faida inayobaki wapi?

6. Mfano wa Katanga

6.1. Kabla ya ukoloni

Shaba ilichimbwa na kuyeyushwa Katanga karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Ilikalibiwa kuwa misalaba midogo ambayo ilitumiwa kama fedha. Misalaba ya namna hiyo ilikutwa katika makaburi ya zamani ya Sanga, katika bonde la Upemba. Katika karne ya 19 Msiri, aliyetoka upande wa Unyamwezi na kuweka makao yake Bunkeya, aliuza shaba, pembe za ndovu na watumwa kwa wafanyabiashara wa pwani zote mbili, akipokea bunduki na vitambaa. Biashara hiyo ilikuwa na ukatili wake, na hakuna haja ya kuipamba. Lakini mchimbaji, mfuaji na mwenye kuweka bei walikuwa bado katika nchi ileile. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na pamoja naye ukaondoka uwezo huo.

6.2. Kampuni na reli

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Mwaka 1931 reli ya Benguela ikafungua njia ya kwenda Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki. Reli hizo zilichorwa kutoka mgodini kwenda bandarini. Hazikuunganisha mji na mji kwa ajili ya soko la ndani. Shaba na kobalti vilipelekwa Ubelgiji, ambako viwanda vya Hoboken na Olen vilifanya kazi ya usafishaji. Hapo ndipo yaonekana jambo ambalo hesabu ya Ricardo haikulitaja: muuzaji na mnunuzi walikuwa jamaa mmoja. Kampuni inapojiuzia yenyewe, bei iliyoandikwa katika daftari haitoki sokoni, na faida yaweza kutokezwa katika nchi ile ambayo kampuni imeipenda.

6.3. Mwaka 1974 na yaliyofuata

Serikali ya Kongo ilitaifisha Union Minière tarehe 1 Januari 1967, na baadaye kampuni mpya ikajulikana kwa jina la Gécamines. Mwaka huohuo 1967 Kongo, Zambia, Chile na Peru ziliafikiana mjini Lusaka kuunda baraza la nchi zinazouza shaba nje, CIPEC. Pesa mpya, zaire, ilianza kwa thamani ya dola 2. Matumaini yalikuwa makubwa, na kwa miaka michache bei iliyathibitisha. Mwezi wa Aprili 1974, katika soko la madini la London, bei ilipita paundi 1,300 kwa tani.

Kabla ya mwaka huo kwisha, bei ilikuwa chini ya nusu yake. Nchi za viwanda zilikuwa zimetikiswa na kupanda kwa bei ya mafuta, viwanda vikapunguza ununuzi. Zaire yenyewe ililazimika kununua mafuta hayo kwa bei mpya, na zaidi ya nusu ya mapato yake ya nje yalitoka katika shaba. Mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela. Mikopo iliyochukuliwa wakati wa neema, kama ile ya mstari wa umeme wa Inga hadi Shaba wenye urefu wa kilomita karibu 1,700, ilibaki palepale. CIPEC ilijaribu kupunguza mauzo, kwanza kwa asilimia 10, kisha kwa asilimia 15, lakini bei haikupanda. Sababu zafahamika: Marekani, Kanada na Umoja wa Kisovyeti zilikuwa na shaba yao, shaba kuukuu huyeyushwa tena, aluminiamu huweza kushika nafasi yake katika nyaya, na kila mwanachama alihitaji fedha upesi. Nchi za mafuta zilifaulu mwaka 1973 kwa kuwa mnunuzi hakuwa na kitu kingine cha kutia ndani ya gari.

Lakini si haki kuibebesha London mzigo wote. Amri ya tarehe 30 Novemba 1973, iliyowapa Wazaire waliochaguliwa maduka na mashamba ya wageni, ilivunja biashara ya ndani miezi kadhaa kabla ya shaba kushuka. Mapato ya Gécamines yalikamuliwa kwa mahitaji ya wakubwa, na mitambo haikufanyiwa matengenezo. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka. Uzalishaji, uliokuwa karibu tani 470,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulikuwa chini ya tani 50,000 kufikia mwaka 1994. Deni liliendelea kuongezeka, hata mwezi wa Julai 2010 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walipokubali kulipunguza kwa dola bilioni 12.3. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga. Na daftari la Shaba lilikosa mwandishi upande wa nje na upande wa ndani pia.

7. Nchi zilizofuata njia nyingine

Ikiwa kuuza mali ghafi kungekuwa hukumu isiyo na rufaa, Botswana isingekuwa ilivyo. Ilipopata uhuru mwaka 1966 ilikuwa mojawapo ya nchi maskini kabisa duniani. Almasi zilipogunduliwa, serikali ilijadiliana na kampuni ya De Beers, ikapata nusu ya hisa za kampuni ya pamoja, ikatumia mapato kwa barabara, shule na akiba ya miaka mibaya. Mwaka 2013 De Beers ilihamishia Gaborone kazi yake ya kuuza almasi ghafi, iliyokuwa London. Botswana haikuwa tajiri kama Ubelgiji, na soko la almasi limeitikisa tena miaka hii ya karibuni. Hata hivyo pato lake la kila mtu ni mara nyingi kuliko la Kongo.

Mfano wa pili ni Korea ya Kusini. Takwimu za Benki ya Dunia zaonyesha kwamba mwaka 1960 pato la kila mtu huko halikuwa limepita la Kongo. Korea haikuwa na madini mengi. Iliuza nje nguo na wigi, kisha chuma, meli, magari na vyombo vya elektroniki. Lakini haikufungua mlango tu na kungoja: serikali ililinda viwanda vichanga, ikavikopesha fedha, na ikavidai matokeo katika masoko ya nje. Mwaka 2023 pato la kila mtu lilipita dola 30,000. Korea ilipata pia msaada mkubwa wa Marekani kwa sababu za vita baridi, na mageuzi ya mashamba yaliyogawa ardhi. Si kila nchi iliyopewa nafasi hizo. Funzo linalobaki ni kwamba biashara ilikuwa shule ya Korea, kwa kuwa kila bidhaa ilifundisha kutengeneza bidhaa iliyo ngumu zaidi. Katika Katanga mgodi ulifundisha mambo mengi, lakini darasa la juu lilikuwa Olen.

8. Kobalti: swali la leo

Kobalti imelirudisha swali la mwaka 1974 kwa sura nyingine. Madini haya yanatumika katika betri za simu na za magari ya umeme. Kongo ina nafasi ambayo CIPEC haikuwa nayo kamwe: peke yake inatoa zaidi ya thuluthi mbili za kobalti ya dunia. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya usafishaji hufanyika China, na betri hutengenezwa mbali na Kolwezi. Mwanzoni mwa mwaka 2022 bei ilipita dola 70,000 kwa tani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikuwa chini ya dola 25,000, kwa sababu migodi ya Kongo yenyewe ilikuwa imejaza soko. Ni maneno ya Prebisch yaliyotimia: mbinu mpya iliongeza uzalishaji, na matunda yakaenda kwa mnunuzi.

Serikali imejaribu njia tatu. Sheria ya madini ya mwaka 2018 iliongeza mrabaha wa kobalti hadi asilimia 10 kwa kuiweka katika kundi la madini ya kimkakati. Mwezi wa Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kujenga pamoja viwanda vya betri. Na mwezi wa Februari 2025 uuzaji wa kobalti nje ulisimamishwa, kisha ukarudishwa mwezi wa Oktoba kwa viwango maalumu, na bei ikapanda. Hapa nguvu ya muuzaji imeonekana. Mpaka wake pia waonekana, maana viwanda vya China tayari vinatengeneza betri nyingi zisizotumia kobalti, kama vile aluminiamu ilivyoingia zamani mahali pa shaba. Bei ikiwa kubwa mno kwa muda mrefu, mnunuzi atatafuta kitu kingine. Kwa hiyo fedha za miaka mizuri zina kazi moja iliyo ya haraka: kugeuzwa kuwa umeme, barabara, shule na viwanda kabla mnunuzi hajageuka.

9. Hitimisho: kazi ya Kiswahili

Kutokana na yaliyoelezwa, biashara peke yake haitajirishi wala haidumazi. Huongeza faida ya jumla, kama Ricardo alivyoonyesha. Hugawa faida hiyo kwa kufuata nguvu za kila upande, kama Prebisch na Emmanuel walivyoonyesha. Na huacha alama za historia, kama Rodney alivyoonyesha. Nchi iliyoingia sokoni kwa bidhaa moja, kwa reli moja na kwa mnunuzi mmoja ina nguvu ndogo ya kudai. Nchi inayoongeza kazi juu ya bidhaa yake, inayoweka akiba na inayotunza daftari hupata nguvu hiyo polepole.

Kiswahili cha Katanga ni mtoto wa biashara hiyohiyo. Kililetwa na misafara ya karne ya 19, kikakuzwa katika kambi za migodi, ambako watu wa Kasai, wa Rwanda na Burundi na wa Rodezia ya Kaskazini walihitaji lugha moja ya kazi. Lakini lugha iliyotumika kumwamuru mchimbaji haikutumika kumweleza bei. Mikataba imeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Leo mchimbaji wa mikono hufikisha magunia yake katika depo. Kipimo kinachoitwa Metorex huonyesha kiasi cha madini kilichomo, naye huambiwa kwamba bei “imeshuka huko London”. Wachimbaji wamelalamika mara nyingi kwamba vipimo hivyo haviaminiki. Atabishaje mtu ambaye hajaelezwa, katika lugha anayoielewa, asilimia ni nini, London huamua nini, na uwiano wa mabadilishano ni kitu gani?

Hapo ndipo penye kazi ya idara za lugha. Istilahi za uchumi hazihitaji kuundwa upya zote. Bei, thamani, faida, mizani, mrabaha na uwiano yamo tayari. Kinachohitajika ni kuyapa maana thabiti, kuyaingiza katika vitabu vya shule na katika matangazo ya redio, na kuyajaribu mbele ya watu ambao maisha yao yamo ndani ya maneno hayo. Misalaba ya shaba ilikuwa fedha katika nchi hii wakati ambapo aliyeifua alijua inanunua nini. Ujuzi huo waweza kurudi, na hautarudi kwa lugha ambayo mfuaji haisikii.